Viwanja vya Jembe: Ndege Ndogo Zinavyotua Milimani, na Mbona Usambara Ingali Inategemea Barabara

Masika yakikolea, udongo wa Usambara huteremka hadi barabarani. Siku kipande cha barabara ya Mombo–Lushoto kikizibwa na maporomoko, stendi ya Mombo hujaa watu, matenga na magunia, na haichukui muda mtu anauliza: mbona tusijengewe kiwanja cha ndege huko juu? Kijana wa bodaboda anatoa simu, anaonyesha video ya ndege ndogo ya pangaboi moja ikitua kwenye kipande cha nyasi kilichoegemea mlima. "Mjomba, hebu tazama hawa. Milima yao inaizidi yetu, na kiwanja wamechimba kwa majembe tu."

Hilo la majembe ni kweli tupu. Wapo watu waliochimba viwanja kwa mikono yao, na ndege zinatua. Ila video ya nusu dakika huonyesha sehemu nyepesi ya shughuli yote. Nyuma yake kuna mgogoro wa ardhi uliokwisha kumalizwa, hewa iliyopimwa asubuhi hiyo, nyasi zilizofyekwa wiki hiyo, na mwisho kuna bei ya kusafirisha kilo moja ya mzigo. Watu wa ndege hupenda kusimulia habari za hewa na miteremko, na nitazieleza kwa sababu ni tamu. Lakini kwa Lushoto mimi naona bei ya kilo ndiyo inayokata shauri.

Video nyingi za namna hiyo hutoka Papua New Guinea, nchi ya milima kaskazini mwa Australia, na huko mambo hayakuanzia kwa wamisionari kama wengi wanavyodhani. Yalianza na dhahabu. Mwaka 1927 rubani E. A. Mustar aliruka kutoka Lae, pwani, akatua Wau, bondeni katikati ya milima. Kabla ya hapo wachimbaji walipanda kwa miguu siku kadhaa msituni, wapagazi wakibeba kila kitu. Kwa ndege safari ikawa ya chini ya saa moja. Miaka michache baadaye ndege za Kijerumani za Junkers zilihamisha hadi Bulolo mashine za kuchimbia dhahabu zenye uzito wa zaidi ya tani 1,000, zikiwa vipande vipande, na ya kwanza ikaanza kazi mwaka 1932. Kiwanja cha Wau chenyewe kilikuwa nyasi tupu, urefu wa mita 945 hivi, kikipanda kwa asilimia 10 kuelekea Mlima Kaindi. Januari 1943, wakati wa vita, ndege za mizigo za jamii ya DC-3 zilitua hapo moja baada ya nyingine zikishusha askari wa Australia, na adui, Wajapani, alikuwa ameshafika karibu kiasi cha kukipiga risasi kiwanja.

Kazi ya mikono nayo ina historia yake. Mwaka 1933 wavumbuzi wa Kiaustralia, ndugu wa Leahy na ofisa Jim Taylor, walipofika bonde la Wahgi, waliandaa mahali pa kutua karibu na Mount Hagen kwa kuwapanga wenyeji kwa mamia wakanyage ardhi mpaka ikaze. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona gurudumu. Huko Nepal, Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest na Tenzing Norgay, alijenga kiwanja cha Lukla mwaka 1964 ili kufikisha vifaa vya shule na hospitali kwa Washerpa, wenyeji wa milima hiyo. Udongo ulikuwa umefukuliwa na ulikuwa laini mno. Hillary alisimulia kwamba aliwanunulia watu pombe ya kienyeji, wakacheza ngoma yao ya kukanyaga chini kwa kishindo, na kiwanja kikashindiliwa. Mtu wa Usambara atalitambua jambo hili mara moja. Ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wenye ngoma ndani yake.

Kilichonivutia zaidi katika habari ya Lukla si ngoma, ni mahali penyewe. Hillary alitaka kwanza ardhi ya chini, iliyo tambarare. Wenye mashamba hawakukubali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Akaishia kwenye ubavu wa mlima, na ndiyo maana njia ya kurukia ya Lukla leo ina urefu wa mita 527 tu, mwinuko wa asilimia 11.7, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili korongo. Watu hutazama kiwanja kama hicho wakadhani mhandisi alipenda hatari. Ukweli ni kwamba milimani ardhi tambarare ndiyo shamba, na ndege hupewa kilichobaki.

Sasa hamishia hilo Lushoto. Mahali palipo sawa ni mabondeni, na mabonde ndiyo yanayotoa kabichi, karoti, viazi na nyanya zinazokwenda Tanga na Dar es Salaam. Njia ya mita 500 kwa upana wa mita 30 inakula ekari karibu nne, hujaweka pembezoni wala mahali pa kuegesha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 jambo kama hilo litapita kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na sitaki kuwa mwenyekiti wa mkutano huo. Ni rahisi kudhani kila mtu anataka kiwanja. Ni kweli, anakitaka, ila kwenye shamba la jirani.

Tuseme basi kijiji kimekubaliana na kimetoa mgongo wa kilima, wenye mteremko. Mteremko huo si balaa. Kwa ndege ndogo ni msaada, mradi rubani akubali sharti moja: atatua akipanda na ataruka akishuka, upepo uwe umetoka wapi, haidhuru. Viwanja hivi ni vya mlango mmoja. Ndege inayotua ina nguvu ya mwendo ambayo lazima iende mahali fulani. Uwanja wa kawaida huimaliza kwa breki na urefu wa lami, mlima huimaliza kwa kupandisha uzito, kama baiskeli iliyofika kwenye kilima kwa kasi. Chukua ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 133 kwa saa. Nguvu ya mwendo huo ingetosha kuirusha juu mita 70 hivi. Njia ya mita 400 yenye mwinuko wa asilimia 10 inaipandisha mita 40. Yaani zaidi ya nusu ya kazi ya breki imefanywa na mlima wenyewe, hata nyasi zikiwa na umande. Wakati wa kuruka mlima unarudisha deni: ndege inaporomoka kuelekea bondeni na kupata kasi ambayo injini peke yake isingeipata katika nafasi hiyo.

Kwenye mwinuko wa namna hiyo rubani hazimi injini baada ya kugusa ardhi. Analazimika kuongeza nguvu, la sivyo ndege itasimama katikati ya mlima, na kutoka hapo ni kazi ya watu kusukuma. Akifika juu anaigeuza ikae kimshazari, mtu anakimbia na mawe kuweka chini ya tairi. Hapo ndipo abiria hushuka.

Macho nayo hudanganya. Mwanadamu aliyezoea njia tambarare, akiona njia inayopanda mbele yake, huhisi yuko juu mno, hivyo hushusha ndege zaidi, na kumbe alikuwa sawa. Matokeo yake huangukia kabla ya mwanzo wa njia. Tena, kwenye njia iliyolala rubani huinua pua kidogo tu kabla ya kugusa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, ambao ni nyuzi karibu sita, lazima aiinue ndege toka kushuka hadi kulingana na mlima unaomjia usoni, na aifanye hiyo kwa wakati wake. Ndiyo maana mashirika yanayofanya kazi hii, kama Mission Aviation Fellowship ambayo iko Papua New Guinea tangu mwaka 1951, hayampi rubani ruhusa ya jumla ya "viwanja vya milimani". Hupewa ruhusa ya kiwanja kimoja kimoja, baada ya kutua hapo na mwalimu pembeni.

Na kuna mahali angani, kabla ya kutua, ambapo mjadala hufungwa. Mbele kuna mlima unaopanda kuliko ndege inavyoweza kupanda, kushoto na kulia kuna kuta za bonde. Ukivuka hapo huwezi tena kughairi na kuzunguka. Ng'ombe akiingia njiani baada ya hapo, ndege inatua na ng'ombe. Kila kiwanja kina alama yake, huenda ni mti, mwamba au maungio ya mto, na rubani huamua kabla ya kuifikia. Nadhani wengi wetu tukipanda ndege hatujui kwamba kuna kutua kwa aina hii, kusiko na nafasi ya pili.

Sasa hewa, ambayo ndiyo humchanganya kila mtu. Ndege iliyoruka vizuri kutoka uwanja wa Tanga mjini, chini ya mita 50 toka usawa wa bahari, si ndege ileile ikiwa kimo cha Lushoto. Lushoto iko mita 1,400 hivi. Mchana wa joto la nyuzi 26, hewa ya hapo huwa imepungua uzito kiasi kwamba ndege hujiona iko mita 2,100. Hesabu yake si ngumu: kipimo cha kimataifa cha hewa huanzia nyuzi 15 pwani na kushuka nyuzi 6.5 kila kilomita unayopanda, hivyo kimo cha Lushoto "kinatakiwa" kuwa na nyuzi kama sita. Kila nyuzi ya ziada ni sawa na kupanda mita 36 nyingine. Kwa kimo hicho hewa imepungua karibu moja ya tano. Na hasara hiyo inapiga mara tatu: injini ya pistoni inavuta hewa pungufu, pangaboi linasukuma hewa pungufu, bawa linaegemea hewa pungufu. Ili bawa libebe uzito uleule, ndege lazima iende mbio zaidi. Saa ya kasi mbele ya rubani inasoma kilomita 120, ardhi inapita chini yake kwa 133, na ndiyo ile kasi niliyoitumia juu.

Mamlaka ya anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo viwango vya kukadiria urefu wa kuruka. Kila futi 1,000 za mwinuko, ongeza asilimia 10. Kila nyuzi 10 za joto, asilimia 10 nyingine. Nyasi mbichi zenye maji, asilimia 30. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unazidi kwa 20. Jambo linalosahaulika ni kwamba viwango hivi havijumlishwi, vinazidishwa. Ndege inayohitaji mita 300 pwani, ukiipeleka kimo cha Lushoto mchana huo kwenye nyasi mbichi zilizo sawa, inahitaji zaidi ya mita 680. Rubani hana uwezo wa kupoza hewa wala kurefusha mlima. Anachoweza ni kupunguza mzigo, na ndiyo maana kwenye viwanja hivi mizani ni kifaa kikubwa kuliko vyote. Abiria hupimwa na begi lake. Mama aliyekuja na gunia moja la viazi zaidi ya alilosema atabishana weee, na gunia litabaki.

Ndege zenyewe zimetengenezwa kwa shida hizi. Pilatus Porter ya Uswisi iliruka mara ya kwanza mwaka 1959, Twin Otter ya Kanada 1965, Kodiak ya Marekani 2004. Zote zina mabawa yanayobeba kwenye kasi ndogo, na zinatumia injini za tabaini zinazovumilia kimo kuliko za pistoni. Cessna Caravan, ambayo watu wa Tanga wanaijua kwa safari za Zanzibar na Pemba, ni ya ukoo huohuo, ingawa pwani yetu haijawahi kuidai jasho lake lote.

Kuhusu upepo nitasema jambo moja, kwa kuwa ndilo linalopanga saa za kazi. Jua likishapasha mlima, hewa ya bondeni huanza kupanda kufuata mteremko. Kumbuka ndege nayo inatua ikipanda mteremko. Maana yake upepo wa mchana unaisukuma kwa nyuma, pale ambapo kila rubani angetaka upepo wa usoni. Upepo wa nyuma wa kilomita 20 tu kwa saa, juu ya ile kasi ya 133, unaongeza karibu theluthi ya nguvu ya kuimaliza. Kwa hiyo kazi hufanywa alfajiri na asubuhi. Usambara ya mashariki ina kisa cha ziada: upepo wa bahari unaleta unyevu moja kwa moja toka Bahari ya Hindi, na Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Aliyepita huko asubuhi ya ukungu anajua kwamba hata mti wa hatua kumi mbele huuoni. Kiwanja cha mlango mmoja ndani ya wingu ni kiwanja kilichofungwa.

Nirudi kwenye majembe, kwa sababu hapa ndipo video hukosea zaidi. Kuchimba kiwanja ni kazi inayoisha. Kukitunza haiishi. Njia yenye mteremko wa asilimia 10 ni mfereji wa maji uliolala ukisubiri mvua. Ikinyesha usiku mmoja wa masika bila mitaro ya kukatisha maji pembeni, asubuhi utakuta korongo linalotosha kuvunja mguu wa mbele wa ndege. Katikati ya njia huachwa pawe juu kidogo ili maji yakimbilie pande zote mbili. Nyasi ziwepo, maana mizizi inashika udongo, lakini ziwe fupi. Kokoto huokotwa kwa mkono, kwani pangaboi huzinyonya na kujikatakata. Mbuzi na ng'ombe wafungwe siku ya ndege. Na kabla ndege haijaondoka ilikotoka, mtu wa kijijini anaita kwa redio au simu: wingu liko wapi, kile kitambaa cha upepo kinaelekea wapi, ukikanyaga kisigino kwa nguvu ardhini kinazama au hakizami. Rubani anaweka roho yake kwenye neno la mtu huyo, ambaye mara nyingi halipwi.

Lushoto ina kumbukumbu yake ya kazi za namna hii. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo bonde la Mlalo, watu wakalazimishwa kujenga matuta mashambani mwao. Kitaalamu halikuwa wazo la kijinga. Lakini kazi ilikuwa nzito, amri ilitoka juu, na wakulima waliipinga hadi mpango ukafa kabla ya uhuru. Miaka ya 1980 mradi wa hifadhi ya udongo ulioitwa SECAP uliurudia udongo huohuo kwa njia nyingine, ya majani ya mifugo na miti mipakani. Kiwanja cha ndege kinachofyekwa kwa amri ya mtendaji kitakwenda njia ya matuta ya 1946. Kule Papua New Guinea vipo viwanja vingi vilivyorudi kuwa pori: wazee waliovichimba walikufa, vijana wakahamia mjini, nyasi zikafika kiunoni, na ndege ikaacha kuja.

Vinavyodumu ni vya vijiji ambavyo havina njia nyingine kabisa. Na hapo ndipo tunafika kwenye bei. Cessna 206, ndege ya kazi ya viwanja vingi hivi, ikitoka kwenye njia fupi ya mlimani itabeba kilo mia tatu au mia nne. Canter moja inayoshuka kutoka Lushoto usiku hubeba tani tatu na ushee. Ili kulingana na Canter hiyo moja, Cessna itapanda na kushuka karibu mara kumi, ikichoma petroli ya ndege ambayo kwanza imesafirishwa kwa lori. Huko nyanda za juu za Papua watu husafirisha kahawa kwa ndege, kwa kuwa kilo ya kahawa ina thamani ya kubeba nauli yake, na mara nyingi nauli hiyo huhitaji ruzuku. Kabichi haiwezi. Kabichi ni maji yaliyofungwa majani.

Usambara, kwa bahati yake, imeshachongewa njia. Kilomita kama 33 toka Mombo hadi Lushoto mjini, zikipitia Soni, Wajerumani waliziona zinalipa zaidi ya karne moja iliyopita. Hata magogo ya Shume waliyashusha hadi Mkumbara kwa waya uliotundikwa juu ya makorongo, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Walifikiria hewani mapema, ila kwa kamba. Penye barabara inayopitika siku nyingi za mwaka, ndege haina mzigo wa mboga wa kubeba.

Inabaki na wagonjwa. Hilo ni la kweli, na Afrika Mashariki imelizoea: Michael Wood, daktari wa upasuaji, na wenzake walianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1957, ndiyo iliyozaa shirika la afya la AMREF. Lakini ndege hizo hupenda ardhi tambarare, na chini ya Usambara, uwanda wa Mombo na Korogwe, tambarare ipo. Mgonjwa wa Mtae, kule juu milimani, akishafikishwa huko chini, sehemu ngumu ya safari ameshaimaliza, na ameimaliza kwa gari. Helikopta ingempata kulekule juu, ila nayo inalia hewa pungufu kama ndege, na saa yake moja ni ghali mno.

Kwa dawa na damu mambo yamebadilika. Mwaka 2018 droni ya majaribio ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40, bila kumnyang'anya mtu shamba lake. Droni ya namna hiyo hupaa wima na kutua wima. Uwanja wa shule unatosha. Haihitaji msaragambo, ila inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, chaji, na fundi aliye karibu. Chupa za damu itazipandisha Mlalo hata barabara ikiwa imezibwa. Mzazi aliyebanwa na uchungu haitamshusha, na kwa huyo fedha iende kwenye mitaro ya barabara ya Mombo na gari la wagonjwa lenye tairi nzima.